Mtaa, kaunti au kiwanda: nani abebe mzigo wa vifungashio vyetu?

Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya Kenya, ya mwaka 2022, ina kifungu kinachostahili kusomwa kwa sauti katika mkutano wa kila kikundi cha usafi. Ni kifungu cha 13, kinachomtwika mzalishaji jukumu la bidhaa yake na kifungashio chake hata baada ya mnunuzi kukitupa. Mwishoni mwa 2024 kanuni zake zikachapishwa: viwanda na waagizaji wa bidhaa wajiandikishe NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira, kisha wajiunge na mpango wa pamoja wa wazalishaji au kila mmoja aendeshe wake.

Wazo lenyewe, wajibu wa mzalishaji, si geni. Thomas Lindhqvist alilipendekeza kwa serikali ya Sweden mwaka 1990, na Ujerumani ikaligeuza kuwa kanuni ya vifungashio mwaka uliofuata. Kwetu limeingia katika mitaa ambayo tayari ina mipango yake: kikundi cha vijana chenye mkokoteni, akina mama wanaochambua chupa nyuma ya soko, chama cha wakazi kinachochangisha ada ya taka kila mwezi. Kwa hiyo makatibu wa vikundi, wawakilishi wadi na kamati za mitaa wana uamuzi mbele yao. Mpango wao waendelee nao jinsi ulivyo? Wauendeshe wenyewe kwa pesa za wazalishaji? Au wawakabidhi wazalishaji kazi nzima? Nitalinganisha njia hizo tatu, kisha nitagusia amana ya chupa, yaani pesa unayoweka ukinunua na kurudishiwa ukirejesha chupa, ambayo inaweza kwenda sambamba na yoyote kati yake.

Kwanza tuondoe mkanganyiko mmoja. Tozo ya mazingira iliyopendekezwa katika Mswada wa Fedha wa 2024, ule uliotupwa baada ya maandamano ya Juni, ilikuwa kodi ya kukusanywa na serikali. Ada ya wajibu wa mzalishaji ni jambo jingine. Kiwanda hulilipa shirika la wazalishaji, yaani chombo kinachoendesha mpango wao wa pamoja, kulingana na wingi na aina ya vifungashio kinavyoingiza sokoni, na shirika hilo linapaswa kutumia fedha hizo kukusanya na kurejeleza vifungashio vya aina hiyohiyo. Ukiambiwa kwamba mambo haya mawili ni mamoja, uliza pesa zinaishia kwenye akaunti ya nani.

Vigezo

Nimechagua vitano, kwa sababu ndivyo vinavyozua ugomvi baada ya mikataba kutiwa saini. Cha kwanza ni pesa: zinatoka wapi, na bei ya plastiki ikianguka nani anaumia. Cha pili ni ufikaji: je, huduma inaingia kwenye vichochoro vya mtaa wa mabanda, na inafika kisiwani? Cha tatu ni watu wa gunia, yaani waokota taka, ambao ndio wanaofanya sehemu kubwa ya urejelezaji katika miji yetu bila mkataba wala mshahara. Cha nne ni taka zenyewe: zipi zinachukuliwa na zipi zinaachwa. Cha tano ni malalamiko: gunia lisipochukuliwa siku yake, unamwendea nani, na ana uwezo gani wa kukusaidia?

Mimi nakipa kigezo cha tatu uzito kuliko vingine. Mpango wa taka ukiharibika kwenye pesa, unaweza kurekebishwa bajeti ijayo. Ukiwafukuza watu elfu moja kwenye riziki yao, hao hawarudi kwa marekebisho ya kanuni.

Njia ya kwanza: mtaa na kaunti wabaki na mpango wao

*Pesa.* Zinatoka katika ada ya kaya, mauzo ya mali iliyochambuliwa na chochote kitakachotolewa na kaunti, kwa kuwa Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limeipa kaunti kazi ya kuzoa na kutupa taka. Udhaifu mkubwa uko sokoni. Mwaka 2018 China ilipoacha kupokea plastiki na karatasi chafu kutoka nje, miji mingi ya Amerika Kaskazini iliyozoea kulipwa kwa marobota yake ilijikuta ikilipa ili yaondolewe. Kikundi cha mtaani hakina akiba ya kustahimili pigo la namna hiyo. Bei ya chupa ikishuka kwa mnunuzi wa jumla, mkokoteni husimama wiki hiyohiyo. Wakati wote huo aliyeitengeneza chupa hachangii hata senti.

*Ufikaji.* Hapa ndipo njia hii inapong'ara. Kikundi cha mtaa kinajua kichochoro gani hufurika mvua ikinyesha na nyumba ipi ina mgonjwa asiyeweza kubeba ndoo. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio liliwasaidia wakazi kujenga mfumo wa kukusanya taka nyumba kwa nyumba zikiwa zimetenganishwa, kazi ikifanywa na ushirika wa wakusanyaji wa hapohapo. Shida ni kwamba mtaa usio na kikundi imara haupati chochote. Unaweza kuvuka barabara moja tu ukatoka kwenye usafi na kuingia kwenye mtaro uliozibwa na chupa.

*Watu wa gunia.* Wamo ndani ya mpango, mara nyingi ndio mpango wenyewe. Lakini wanalipwa kwa kilo, wanabeba hatari zote, na glavu wanajinunulia.

*Taka.* Kinachochukuliwa ni kile kinachouzika: chupa angavu, plastiki ngumu, maboksi, chuma. Pakiti za krispi na vifuko vya sabuni ya unga havina mnunuzi, kwa hiyo huishia mtoni au hutiwa moto. Hata hivyo, njia hii ina jambo moja ambalo nyingine mbili hazina. Zaidi ya nusu ya taka za nyumbani katika miji yetu ni mabaki ya chakula na maganda, na hakuna kiwanda cha kumdai kwa ajili ya maganda ya ndizi. Mpango wa mtaa huchukua vyote pamoja, mboji ikiwemo. Kumbuka hili unapofika njia ya tatu.

*Malalamiko.* Mwenyekiti unamjua kwa jina na unakutana naye dukani. Mwakilishi wadi anahitaji kura yako. Shinikizo hilo ni dogo, lakini lipo karibu.

Inaufaa mtaa wenye kikundi kinachoaminika, wakazi wanaolipa ada kwa wakati, na mnunuzi wa mali aliye karibu. Inaifaa pia sehemu ambayo mpango wa wazalishaji bado haujafika na haujulikani utafika lini.

Njia ya pili: wazalishaji walipe, mtaa ufanye kazi

*Pesa.* Ufaransa imepita njia hii tangu 1992. Manispaa ndizo zinazokusanya vifungashio, na shirika la wazalishaji, lililoitwa Eco-Emballages na tangu 2017 Citeo, huzilipa kwa kazi hiyo. Faida iko wazi: bei ya plastiki ikishuka, mkusanyaji hafi njaa, maana analipwa kwa huduma na si kwa mauzo peke yake.

Lakini soma mkataba kwa makini, kwa sababu neno "gharama" lina mitego. Jimbo la Ontario, Kanada, liliishi na mfumo wa nusu kwa nusu kwa miaka mingi chini ya sheria ya 2002: wazalishaji walitakiwa kulipa asilimia 50 ya gharama halisi za manispaa. Mabishano hayakwisha kuhusu gharama ipi ni halali na ipi ni uzembe wa manispaa, hata mwaka 2014 ikabidi mwamuzi aitwe. Ikiwa manispaa zenye wahasibu na mawakili zilisumbuka hivyo, kikundi chenye daftari moja la risiti kitasumbuka zaidi. Dai kiwango kinachojulikana mapema, kwa tani au kwa kaya, pamoja na tarehe ya malipo. Malipo yanayochelewa miezi mitatu huua kikundi sawasawa na yasiyokuja kabisa.

*Ufikaji.* Ukilipwa kwa tani peke yake, utavutwa kwenye maghorofa yenye chupa nyingi na kuyaacha maeneo ya pembeni. Fikiria Lamu: plastiki ikikusanywa kisiwani lazima ivushwe kwa boti hadi Mokowe, kisha ipande lori la safari ndefu kabla ya kufika kiwandani. Kilo ya Lamu haiwezi kulipwa sawa na kilo ya Nairobi. Mkataba usio na nyongeza ya umbali umeshaamua nani aachwe.

*Watu wa gunia.* Afrika Kusini ndiyo ya kuitazama. Kanuni zake za wajibu wa mzalishaji, zilizoanza kuwabana wazalishaji mwaka 2021, zinataka waokota taka waliosajiliwa kwenye daftari la taifa walipwe ada ya huduma, juu ya kile wanachopata wakiuza mali yao. Msingi wake ni wa haki: anayeondoa chupa barabarani ametoa huduma, na huduma hulipwa. Utekelezaji haujawa mwepesi, maana wengi hawana vitambulisho wala akaunti. Hata hivyo, kanuni iliyoandikwa inampa mtu kitu cha kudai. Kwetu kazi hiyo ya usajili inaweza kuanzwa na vikundi vyenyewe, bila kungoja Nairobi.

*Taka.* Orodha hupanuka, kwa kuwa sasa yupo wa kulipia hata kisichouzika. Ufaransa ilifikia mahali ambapo, kuanzia 2023, vifungashio vyote vya nyumbani vya plastiki vinakwenda kwenye pipa moja la manjano. Ada nazo hupanda na kushuka kwa ubora wa kifungashio: chupa ya plastiki isiyopenyeza mwanga, inayosumbua mitambo, hutozwa zaidi. Hapo kiwanda huanza kuwaza upya rangi ya chupa kabla haijatengenezwa.

*Malalamiko.* Milango ni miwili, na hatari ni kurushwa huku na huku. Mtaa unasema shirika halijalipa, shirika linasema mtaa haujaleta stakabadhi za mizani. Kikundi kisichokuwa na mizani yake na kumbukumbu zake kitapoteza kila mabishano.

Inakifaa kikundi ambacho tayari kinafanya kazi na kinaweza kuweka hesabu, na kaunti iliyo tayari kutia saini pamoja nacho.

Njia ya tatu: wazalishaji wachukue kazi nzima

*Pesa.* Hapa bili yote inahamia kiwandani. Jimbo la British Columbia lilianza Mei 2014, chini ya shirika la wazalishaji ambalo leo linaitwa Recycle BC. Manispaa zilipewa hiari: ziendelee kukusanya kwa mkataba, au zijitoe. Vancouver ilijitoa mwaka 2016, na tangu hapo ni shirika linalosimamia ukusanyaji. Utaona kwamba mstari kati ya njia ya pili na ya tatu si mnene. Jimbo moja linaweza kuwa na zote mbili.

Ontario ilifuata kwa hatua. Ilipokwisha kuchoka na nusu kwa nusu ilipitisha kanuni mpya mwaka 2021, ikaanza kuzihamisha manispaa Julai 1, 2023, Toronto ikiwa katika kundi la kwanza, na kumaliza Desemba 31, 2025. Miaka miwili na nusu ya mpito, katika jimbo ambalo mji wake wa Kitchener ulizipa kaya zake masanduku ya buluu ya kuwekea taka za kurejelezwa tangu 1983. Anayekuahidi kuhama kwa miezi michache hajapiga hesabu ya malori.

Pesa hizo zina adui wake: wanaodandia. Mwaka 1993 mfumo wa Ujerumani ulikaribia kufilisika, kwa sababu wananchi walichambua taka nyingi kuliko ilivyotarajiwa huku kampuni nyingi zikibandika alama ya Grüner Punkt (Nukta ya Kijani), ya kuonyesha kuwa kifungashio kimelipiwa, bila kulipa ada inayostahili. Tangu 2019 nchi hiyo ina daftari la wazi, LUCID, ambamo mtu yeyote anaweza kuangalia kama kampuni fulani imejiandikisha. Kwetu, ambako maji ya chupa hujazwa na viwanda vidogo vingi na bidhaa huingia kwa mipaka mingi, daftari la wazi ni la lazima. Bila hilo, kiwanda kinachofuata sheria kitamlipia jirani yake asiyefuata.

Je, bei dukani itapanda? Sehemu ya gharama itamfikia mnunuzi, hilo tuliseme. Tofauti ni kwamba anayenunua vifungashio vingi atachangia zaidi, ilhali leo mama wa mtaa ulio kando ya mto hulipia mafuriko ya chupa ambazo hakuzinunua.

*Ufikaji.* Kanuni inaweza kulazimisha huduma sawa kila mahali, na Ontario sasa ina orodha moja ya vitu vinavyopokelewa badala ya kila manispaa kuwa na yake. Lakini wajibu huo una mipaka iliyoandikwa. Maduka, ofisi na nyumba za ibada nyingi zilizokuwa zikihudumiwa na manispaa ziliachwa nje, na kila manispaa ikabidi iamue kama itaendelea kuzihudumia kwa fedha zake. Hebu tulete mfano huo kwetu. Sehemu kubwa ya chupa zetu hutupwa sokoni, stendi ya matatu, kwenye vibanda vya chakula na harusini. Kanuni ikihesabu kaya pekee, hizo zote ziko nje.

*Watu wa gunia.* Hofu yangu kubwa iko hapa. Zabuni ya shirika kubwa hudai malori, bima, na historia ya hesabu zilizokaguliwa. Kikundi cha Dandora, penye dampo kuu la Nairobi, hakina hayo. Kampuni ikishinda zabuni, waliookota hapo maisha yao yote wanaweza kuamka wakiitwa wezi wa mali ya kampuni. Mkataba wa aina ya Kanada uliandikwa kwa miji ambayo tayari ilikuwa na wafanyakazi wa malori. Ukinakiliwa hapa neno kwa neno utawakanyaga watu. Njia hii inaweza kuwafaa waokota taka kama tu mkataba unataja vikundi vyao kuwa wakusanyaji wa kwanza, unakubali mkokoteni kuwa chombo halali, na unaweka bei ya chini isiyovunjwa.

*Taka.* Nguvu yake ni kwamba mwenye kulipia ukusanyaji ndiye mwenye mamlaka juu ya umbo la kifungashio. Ila "yote" haimaanishi yote mlangoni pako: British Columbia hupokea plastiki nyingi laini na maboksi ya povu kwenye vituo maalumu. Na mabaki ya jikoni hubaki kwa kaunti. Ukikabidhi chupa na maboksi, vilivyokuwa vinaleta fedha, hakikisha una fedha nyingine za kuondoa maganda, vinginevyo umeuza ng'ombe ukabaki na samadi.

*Malalamiko.* Namba ya simu ni moja, na hilo ni jema. Lakini anayeipokea hahitaji kura yako. Kila kitu kinategemea msimamizi mwenye meno. Kwetu ni NEMA. Uliza faini ni kiasi gani shirika lisipofikia lengo, na nani anahakiki takwimu zake.

Inazifaa kaunti zisizo na mpango wowote wa maana, na maeneo ambako waokota taka wamejipanga vya kutosha kuketi mezani kabla ya zabuni kutangazwa.

Amana, kwa ufupi

Tuliokua na kreti za soda tunaijua: hukurudisha chupa, hukupata pesa yako. Ujerumani inatoza senti 25 za yuro kwa chupa na makopo mengi ya vinywaji ya kutumika mara moja, tangu 2003. Lithuania ilianza Februari 2016, na katika miaka miwili urejeshaji ukavuka asilimia 90. Hakuna njia nyingine niliyoitaja inayokaribia hapo kwa chupa. Ila inagusa chupa na makopo peke yake, na huondoa mali bora kwenye gunia la kikundi. Kwa muokota taka mmojammoja inaweza kuwa neema, kwani kila chupa ina bei isiyoshuka. Kwa kikundi kinachotegemea mauzo ya chupa kugharamia mengine, ni pengo la kuzibwa mapema.

Kulingana na hali yako

Kama kikundi chenu kinafanya kazi, kina wateja wanaolipa na hesabu zinazosomeka, sioni sababu ya kukabidhi. Tafuteni njia ya pili. Nunueni mizani kwanza, jazeni kilo za kila wiki kwa aina ya mali, na mwende kwa shirika la wazalishaji na takwimu za miezi kadhaa mkononi.

Kama mtaa wenu hauna kikundi na lori la kaunti huonekana kwa msimu, njia ya tatu inaweza kuwapa huduma ambayo hamjawahi kuwa nayo. Kabla ya kushangilia, someni ramani ya maeneo yatakayohudumiwa, na muulize kama soko na stendi vimo.

Kama mko kisiwani au kwenye mji mdogo ulio mbali na viwanda, msiingie mkataba wowote wa bei moja kwa nchi nzima. Ombeni nyongeza ya usafiri kwa maandishi. Ikikataliwa, bakini na mpango wenu kwa mali nyepesi kubeba na yenye thamani, na msukume amana.

Kama wewe ni muokota taka, au unafanya kazi na waokota taka, jambo la kwanza ni usajili wa kikundi na orodha ya majina, hata kabla ya kujua ni njia ipi itakayoshinda. Njia zote tatu humlipa yule aliye kwenye orodha.

Kama una kiwanda kidogo cha maji au juisi, mpango wa pamoja kwa kawaida utakugharimu kidogo kuliko kuendesha wako peke yako. Linganisha ada za mashirika, lakini uliza pia kila shirika linawalipa akina nani mashinani. Ada iliyo chini mno mara nyingi inamaanisha kwamba kuna mtu barabarani anayeifidia.

Na kama wewe ni mwakilishi wadi na vikundi viwili katika wadi yako vinavutana, si lazima wadi nzima ipite njia moja. Acha mtaa wenye kikundi imara uende na njia ya pili, uliobaki uchukuliwe na wazalishaji, na weka kwenye mkataba tarehe ya kuyapima matokeo ya pande zote mbili kwa vigezo vilevile vitano.